Darasa la kwanza watoto 127, mwalimu mmoja: mnamsikilizaje kila mtoto akisoma?

Mwalimu wa Muheza (Jumamosi, saa 3 usiku)

Habari za jioni walimu wenzangu, na wazazi mliomo humu. Kwa wakubwa, shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku Usukumani, huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Kwetu ni Muheza, Tanga, huku nililetwa na ajira, na sasa nimezoea. Asubuhi nikikutana na wazee njiani, "Mwangaluka" inanitoka yenyewe. Nafundisha darasa la kwanza peke yangu, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Rejesta ina majina 127. Chumba ni kimoja, madawati 26, wanakaa wanne wanne, na waliobaki wako sakafuni mbele, karibu na ubao, vumbi la chaki linawashukia kichwani.

Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumanne.

Kuna mtoto nitamwita Masanja, si jina lake. Madaftari yake ni masafi kuliko ya darasa zima. Herufi zimekaa kwenye mistari, hakuna ukurasa uliokunjika. Tangu Februari nampa tiki. Jumanne, kipindi cha Kusoma, nikamwita mbele asome ukurasa tuliokuwa nao wiki nzima. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti mpaka wa nyuma wakanyamaza kumsikiliza. Nikafurahi. Nikasogea nimshike bega, ndipo nikakiona kidole. Kilikuwa kimefika mwisho wa mstari wa pili, na mdomo bado uko mstari wa kwanza. Kikarudi, kikaenda tena, hakikukutana na neno hata moja.

Nikafunua ukurasa ambao hatujaufikia. Akaniangalia. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni "ma". Akautazama ubao, akatazama miguu yake, kisha akaanza kuusema ule ukurasa wa mwanzo, polepole, kama mtu anayeomba akubaliwe.

Miezi saba huyu mtoto alikuwa anachora ubao, na mimi nikidhani anaandika.

Jumatano na Alhamisi niliweka ratiba pembeni, nikawasikiliza watoto 40 mmoja mmoja kwa maneno ambayo hayamo kwenye kitabu. 17 kati yao walikuwa wamekariri tu. Sijamaliza waliobaki na naogopa kumaliza.

Nimepiga hesabu. Kipindi ni dakika 30. Nikigawa kwa watoto 127, kila mmoja anapata sekunde 14, na hapo sijafundisha kitu. Madaftari ni matatu kwa kila mtoto, yaani 381. Nikisahihisha kila moja kwa nusu dakika ni zaidi ya saa 3. Na wiki hii nilikuwa zamu. Saa 12 na nusu asubuhi niko shuleni kusimamia usafi, napiga rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mwarobaini, mstarini, kukagua kucha, kuhesabu vidumu vya maji, kusimamia uji wa saa 4, kujaza kitabu cha zamu. Alhamisi mtoto wa darasa la tatu alijikata kidole kwa wembe akichonga penseli, nikakimbia naye zahanati. Niliporudi darasa langu lilikuwa limekaa kimya, limenisubiri, kiranja wao ameandika "a e i o u" ubaoni. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuongea.

Sitaki mnielewe kwamba naichukia kazi. Mwaka jana bibi mmoja alikuja shuleni na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Mjukuu wake alikuwa amemsomea tarehe kwenye kadi ya kliniki ya mdogo wake, wakawahi siku yenyewe. Zamani, alisema, alikuwa anaomba msaada kwa watu wa dukani. Alinikabidhi ule mfuko kwa mikono miwili. Kwa siku kama hiyo nipo tayari kuchoka mwaka mzima.

Lakini sasa ni katikati ya Agosti, na mwanzoni mwa Desemba tunafunga. Wenye madarasa makubwa, naombeni mniambie mnavyofanya. Mnamsikilizaje kila mtoto kwa masikio yenu wenyewe? Wengine hawa mnawapa kazi gani wakati huo? Nisaidieni kwa mliyoyafanya darasani yakafaa.

---

Mzee wa Rejesta (Jumapili, saa 1 asubuhi)

Marahaba mwanangu. Pole na kazi.

Nimeisoma habari ya hicho kidole mara mbili. Mimi ni mstaafu, niliachia chaki mwaka 2019 nilipofika miaka 60. Niliingia na UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limesema kila mtoto aingie shule, na mwaka 1977 wakaja kweli. Walimu hawakutosha, tukachukuliwa vijana tuliomaliza darasa la saba, siku nyingine tunafundisha, siku nyingine tunafundishwa. Darasa langu la kwanza lilikuwa chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina, na mvua ikija tunaubeba ubao kwanza ndipo tunakimbia. Nilidhani sitaona tena wingi kama ule. Nikauona MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulipoanza na ada ikafutwa. Nikauona mara ya tatu Januari 2016, elimu bila malipo, mtoto wa miaka sita kakaa dawati moja na wa miaka kumi. Kila mara chumba kilikuwa kile kile.

Kwanza nikuambie kuhusu Masanja. Mtoto aliyeweza kuushika ukurasa mzima kwa kusikia tu ana sikio zuri sana. Huyo ukimpa sauti za herufi vizuri atakimbia. Yeye ameona wenzake wakisema maneno wanapewa makofi, akajua kusoma ndiyo huko. Kaifanya kazi uliyompa, alivyoielewa yeye. Kwa hiyo usimwonyeshe kwamba umemkamata. Anza naye upya bila kutangaza kwamba mnaanza upya.

Sasa namna ya kuwasikiliza. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni. Nina kadi mkononi, nimezikata kutoka maboksi ya sabuni, kila kadi silabi moja. Rimu likilia baada ya mapumziko watoto wanapanga foleni, kila anayeingia namwonyesha kadi moja, anaisoma, anapita. Asiyejua namwambia mimi, anarudia, anapita pia. Hakuna anayebaki nje, hakuna fimbo. Kwa mtoto mmoja ni sekunde tano. Kwa watoto wako 127 ni kama dakika 10 hivi, na utakuwa umemsikia kila mmoja kwa masikio yako siku ile ile. Kadi nilikuwa nazichanganya kila mara, maana wakiona zinafuatana "ma me mi mo mu" wataimba tena. Mtoto anaijua "mu" siku akikutana nayo peke yake, imetoka katikati, haina "ma" mbele yake.

Ya pili, gawa darasa makundi matano, kundi moja kwa siku. Kila mmoja dakika moja tu, wakati wengine wanaandika. Ukikosa nafasi kwenye kipindi cha Kuandika, tumia ule muda wa asubuhi kabla ya mstarini, wapo watoto wanaofika mapema sana. Siku ya kundi lao ndiyo unawapa maneno ambayo hujawahi kuyaandika ubaoni. Mimi nilikuwa naunganisha silabi hata neno lisiwe na maana, "tebu", "kimopa", "lusine". Mtoto akisoma "kimopa" ujue anasoma, kwa sababu hakuna mahali alipolisikia.

Na jambo moja kwa sababu uko Usukumani na wewe ni mtu wa Tanga. Masikio yako yanasikia "r" na "l" mbali mbali, ya mtoto wa huko hayajazoea. Akiona "rula" akasema "lula", amesoma. Mpe tiki ya kusoma, matamshi yatafuata. Niliwahi kumwona mwalimu kijana akimrudisha mtoto kwenye "ra" wiki tatu, mtoto akaacha kufungua mdomo kabisa. Kwanza lugha yenyewe anaikuta shuleni, nyumbani ni Kisukuma mchana na usiku.

Andika kwenye daftari lako tofauti na rejesta. Majina yote, kila Ijumaa alama moja, anajua, anajaribu, bado. Usiwaonyeshe watoto, na wala usilitumie kuwapanga nafasi. Mimi yangu ninayo mpaka leo sandukuni.

---

Mama Wawili Mbagala (Jumapili, saa 4 asubuhi)

Pole sana dada. Huku kwetu Dar darasa la kwanza ni 190, tumewagawa zamu mbili, wa asubuhi na wa mchana. Usifikiri zamu ni nafuu kama wengi wanavyosema. Wanaokuja mchana wanafika wameshacheza juani tangu asubuhi, saa 9 nusu ya darasa kichwa kiko juu ya dawati. Mimi hao nawaanzia na kuimba na kupiga vizibo vya soda, wakichangamka ndipo nawapa herufi. Kusoma nakuweka mwanzo kabisa, Kuandika mwisho.

La mlangoni alilosema mzee nimelipenda, kesho naanza.

Nililonalo mimi ni hili: tumia watoto wa darasa la sita. Niliomba kwa mwalimu wa taaluma nipewe 20, wanakuja dakika 20 baada ya uji, kila mmoja anakaa na watoto watano chini ya mti na kadi. Mwanzo nilikosea, nikachukua wale wanaoongoza mitihani. Wakawa na haraka, mtoto akikwama wanamtajia, wengine wakacheka. Nikawabadilisha. Nikachukua wapole, hata wale wa nafasi ya 40 na 50, wenye wadogo zao nyumbani. Mmoja alikuwa mwenyewe anasoma kwa kushikashika. Mpaka muhula unaisha na yeye kashika, kwa sababu kila siku alikuwa anarudia silabi na wadogo bila mtu kujua kwamba naye anajifunza. Sikuwahi kumwambia kwa nini nilimchagua.

Wape masharti matatu tu: usicheke, usiguse, usimsemee. Na uwe unapita. Usiwaachie ukaenda ofisini kujaza makaratasi.

---

Kaka wa Kidato cha Kwanza (Jumapili, saa 8 mchana)

Nawaheshimu wote mliotangulia, hasa mzee wetu, lakini niseme lililo moyoni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kila Januari napokea kidato cha kwanza, na kila mwaka wapo wawili watatu ambao nikiwapa sentensi ya Kiswahili hawawezi kuimaliza. Kiswahili, bado sijafika Kiingereza, ambacho kuanzia siku ile ndicho wanachotakiwa kusomea kila somo. Mmoja mwaka huu alikuwa ananakili ubao kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Niliposoma habari ya Masanja nikamwona yule kijana wangu akiwa na miaka saba. Amepita kwa walimu wengi wenye madarasa ya watu 127, kila mmoja akampa tiki na kumsogeza mbele.

Kwa hiyo mimi nasema, dada, fanya hizo kadi, lakini usinyamaze. Uwiano tuliowekewa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Darasa lako ni la walimu watatu. Ukilibeba peke yako, ukaamka saa 10 usiku, ukamaliza afya yako, kwenye makaratasi itaonekana shule haina shida. Nimeona walimu wazuri wakiishia hivyo, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu, aliugua vidonda vya tumbo, akaomba uhamisho, na darasa lake likaunganishwa na lingine.

Hesabu ile ya watoto 40 na 17 ni ushahidi. Iandike. Mpe mwalimu mkuu kwa barua, omba ijadiliwe kwenye kamati ya shule, ifike kwa Afisa Elimu Kata. Usiandike "naomba msaada". Andika idadi ya watoto, madawati, walimu, waliosikilizwa, wanaosoma, wasiosoma. Kaa na nakala. Ikama, yaani mgawo wa walimu kwa kila shule, ikipangwa, mwenye takwimu mkononi ndiye anayesikilizwa kwanza.

---

Mwalimu wa Muheza (Jumapili, saa 2 usiku)

Asanteni sana. Mzee wangu, hilo la "lula" limenigusa pabaya. Nina mtoto wa kike nimemrudisha kwenye "ra" tangu Juni. Kesho namwomba radhi kwa namna ya kumpitisha.

Kaka, nimekusikia. Mwalimu mkuu wetu ni mtu mwema, yeye mwenyewe ana vipindi vya darasa la tano na la saba juu ya kazi za ofisi, kwa sababu shule nzima tuko tisa. Ndiyo maana naona tabu kumpelekea barua, ni kama namlaumu. Lakini umesema kweli, yeye naye anahitaji karatasi ya kushika akienda mbele. Nitaiandika baada ya kumaliza kuwasikiliza wote 127, nisipeleke nusu.

Ila naomba unielewe na wewe. Hata mwalimu wa pili akija Januari, hawa wa mwaka huu watakuwa wameshapita. Masanja hawezi kusubiri ikama.

---

Kaka wa Kidato cha Kwanza (Jumapili, saa 3 usiku)

Hapo nakubali, sina jibu. Endelea na kadi, na barua usiiache.

---

Bi Maandazi wa Kahama (Jumatatu, saa 11 alfajiri)

Walimu, mimi ni mzazi, mnisamehe kuingilia. Mwanangu yuko darasa la kwanza, nami nakaanga maandazi kuanzia saa 10 usiku, kwa hiyo mtoto namwachia mama yangu. Mama hakusoma hata darasa moja.

Mwanzo wa mwaka mwalimu wake aliita wazazi. Akasema, wazazi wasiojua kusoma msikae mbali, nanyi mnaweza kumpima mtoto. Akatuonyesha. Mtoto akisoma, mwache amalize. Halafu weka kidole chako kwenye neno moja katikati ya ukurasa, lolote, muulize, hili linasemaje? Akijibu, mpeleke kwenye maneno mengine, zungukazunguka, kisha rudi pale pale uulize tena. Akisema lile lile, anasoma. Akisema lingine, bado.

Mama yangu alilichukulia hilo kwa uzito ambao sikuutegemea. Kila jioni, kibatari kikiwashwa, anamwita mjukuu, anaweka kidole. Ile ncha ya kidole ni pana, imepasuka kwa jembe, inafunika neno na nusu, mtoto anamwambia bibi sogeza kidogo. Walianza hivyo, sasa bibi mwenyewe ameanza kuzitambua "a" na "m", anazitafuta kwenye mfuko wa unga. Hakuna aliyemfundisha.

Mwalimu, ita wazazi wako. Waambie waje hata wasiojua kusoma, hasa hao. Wengi hawaji mikutano kwa sababu wanajua kitakachosemwa ni mchango. Waambie kabisa kwamba siku hiyo hakuna habari ya mchango.

---

Mwalimu wa Muheza (wiki sita baadaye, Jumapili)

Nilisema nitarudi, nimerudi. Nilichelewa kwa sababu ya likizo fupi, na mtandao huku unashika ukipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba za walimu.

Nilimaliza kuwasikiliza wote. Wasiosoma kabisa walikuwa 49. Sikutegemea idadi hiyo, usiku ule nilimpigia mama yangu simu Muheza nikalia. Asubuhi nikaandika barua kama kaka alivyosema, namba tupu, ukurasa mmoja. Mwalimu mkuu aliisoma mbele yangu, akaikunja, akaniambia, "Hii nilikuwa naihitaji." Kaenda nayo kwa Afisa Elimu Kata. Mwalimu mpya hajaja. Lakini mwalimu wa darasa la pili na mimi tumepangiwa upya, yeye anachukua Kuhesabu kwangu siku mbili kwa wiki, na mimi muda huo nakaa nje na wale 49.

Mlangoni kumekubali kuliko yote. Siku mbili za kwanza ilikuwa vurugu, wanasukumana, wa nyuma wananong'onezana majibu. Siku ya tatu wakaelewa kwamba kila mtu kadi yake ni tofauti. Sasa rimu likilia wanakimbia kupanga foleni kabla sijafika, na nikisahau kadi ofisini wananituma nikachukue. Maboksi niliomba dukani. Mikono inauma kukata kwa wembe, lakini nina kadi 90.

Makundi matano yalinishinda mwanzoni. Jumatano huku ni siku ya mnada, nusu ya wavulana wanakwenda na ng'ombe, na kundi la Jumatano lilikuwa halisikilizwi kabisa. Nimelivunja. Siku ya mnada sasa nasikiliza yeyote aliyekuja, na waliokosa nawaweka Ijumaa. Wa darasa la sita nao wapo, 12 tu. Mmoja wao aliacha kuja wiki ya pili, nikadhani amechoka, kumbe nyumbani pamba ilikuwa inasubiri kupakiwa. Amerudi.

Mkutano wa wazazi walikuja 61. Niliwaambia hakuna mchango. Nikawaomba wasiojua kusoma wanyooshe mikono, nikaona aibu kwa niaba yao kabla hawajanyoosha, na wakanyoosha bila aibu yoyote. Niliwaonyesha habari ya kidole kama ulivyoieleza Bi Maandazi. Baba mmoja aliuliza kwa Kisukuma, mwenzangu akanitafsiria: kama yeye hajui, mtoto hawezi kumdanganya? Nikamwambia hilo ndilo kidole kinalolikataa. Akafikiri, akacheka, akasema basi ni kama kuhesabu ng'ombe mara mbili.

Masanja. Sikumwambia kitu. Nilimweka mbele, nikamwanzisha na "ma" na wenzake kumi kana kwamba ni zamu yao tu. Wiki tatu alikuwa kimya sana, ananakili vizuri kama kawaida, nikawa na wasiwasi. Kwenye kona ya darasa tuna ndoo ya maji ya kunywa, na mwezi uliopita niliandika juu yake kwa rangi, herufi ndogo, "maji". Alhamisi iliyopita, wengine wametoka kwenda uji, yeye alibaki. Nilikuwa nasahihisha, nikamsikia. "Ma." Kimya. "Ma. Ji." Akarudia haraka, maji. Kisha akafunua kifuniko, akainama, akaangalia ndani.

Nilikaa nimeshika kalamu. Akafunika, akaniona namwangalia, akakimbilia uji.

Kati ya 49 sasa wamebaki 31. Mzee wa Rejesta, nina swali moja kwako. Silabi za konsonanti moja, kama "ma", wengi wameshika, lakini nikifika "mb", "nd", "ng'" na "nj" foleni inasimama mlangoni. Ulikuwa unaanza na ipi? Na ulikuwa unazileta zikiwa peke yake kwenye kadi, au ndani ya neno wanalolijua, kama "mbuzi"? Nina Oktoba na Novemba tu.

---

Mzee wa Rejesta (Jumapili, saa 2 usiku)

Anza na "mb" ndani ya "mbuzi", na mbuzi mwenyewe umwonyeshe, huko wako kila mahali. Siku ya pili kata lile neno kwa wembe, "mbu" na "zi", wape vipande waviunganishe. "Nd" iifuate, kwa "ndizi", kwa sababu "zi" wanayo tayari. "Ng'" iache mpaka Novemba, na uianzie na "ng'ombe". Hiyo wataisoma kabla hujamaliza kuiandika.